MFUPA UVUNJIKAO BILA KILIO

Twapenda kuwaeleza habari ya maradhi yaingiayo nyumbani kimya kimya, wala mwenye kuyapata hayasikii. Ni habari ya mifupa ya mtu aliyeumia mgongo au shingo, akapooza miguu, au miguu na mikono pamoja. Watu wengi wajua ya kuwa mtu wa namna hii hawezi kutembea. Tena wengi wamekwisha kujifunza ya kuwa akilala upande mmoja muda mrefu atapata vidonda. Lakini ni wachache wajuao ya kuwa mifupa yake, ile iliyo chini ya mahali alipoumia, hukonda mwezi kwa mwezi, hata huweza kuvunjika kwa jambo dogo kama kuvalishwa suruali. Na kwa kuwa mguu ule hauna hisi, huvunjika bila kilio. Mwenyewe hajui, mama yake hajui, na pengine mguu uliovunjika huchuliwa kwa mafuta siku nyingi kabla haujaonekana na tabibu.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Kisiwa chetu cha Unguja huishi kwa miti mirefu. Mnazi mkubwa huweza kupita urefu wa mita 20, na mkwezi huupanda kwa nguvu za mikono yake na kitanzi cha kamba miguuni. Mkarafuu nao, ijapokuwa mingi iko Pemba, hupandwa Unguja pia, katika mashamba kama ya Kizimbani na jirani zake. Na matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, na karafuu nyingi huwa penye ncha za matawi, ndipo mchumaji hulazimika kujinyoosha. Mwenye kuanguka toka juu akashukia makalio au mgongo, huweza kuvunja uti wake. Wako na wengine: aliyepinduka na pikipiki njiani, kijana arukaye baharini kichwa mbele, kama wafanyavyo katika mchezo wa makachu pale Forodhani, akakuta maji yamekupwa, na yule ambaye kifua kikuu kimeingia katika pingili za mgongo na kuzila. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2013 ya kuwa watu kati ya 250,000 na 500,000 huumia hivi kila mwaka ulimwenguni kote.

Kwanza na tufahamu kilichoumia. Uti wa mgongo ni pingili 33, zilizopangwa moja juu ya moja toka shingoni hata mkiani. Ndani yake mna tundu, na katika tundu hilo hupita ugwe mmoja mlaini, utokao katika ubongo. Ugwe huo ndio upelekao amri kwa viungo na kurudisha habari kwa kichwa: mguu umekanyaga moto, kidole kimejikwaa, kibofu kimejaa. Toka ugwe huo hutoka jozi 31 za mishipa ya fahamu, nazo huenea mwilini. Pingili ikivunjika na kuubana au kuukata ugwe, amri hazishuki tena wala habari hazipandi. Mguu u hai, damu yapita ndani yake, kucha zaota. Lakini umekuwa kama nyumba ambayo njia yake imekatwa: mengi yaweza kutokea ndani, na mwenye mji asipate habari.

Zamani watu hawakuulizana sana juu ya mifupa ya wagonjwa hawa, kwa sababu hawakuishi muda mrefu. Katika vita ya kwanza ya dunia, askari wengi walioumia mgongo walikufa upesi, kwa vidonda vya kulalia na kwa maradhi ya kibofu na figo. Mambo yalianza kugeuka zaidi mwezi wa Februari 1944, tabibu Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani mwaka 1939, alipofungua wodi ya wagonjwa wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru wageuzwe kitandani usiku na mchana kwa saa zilizopangwa, akaangalia mikojo yao, akawapa kazi na michezo. Mwaka 1948 aliwaita walemavu 16 washindane kwa mishale katika uwanja wa hospitali, na toka mwanzo ule mdogo yakatokea mashindano makubwa ya Paralimpiki. Wagonjwa waliodhaniwa kuwa wa kufa wakaishi, wakaoa, wakazeeka. Na walipokwisha kuishi miaka mingi, ndipo matabibu wakaona dhahiri ya kuwa mifupa ya miguu yao imekuwa myembamba na huvunjika kwa urahisi.

Kwetu nako mambo yanabadilika. Katika hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja, ilifunguliwa mwaka 2014 taasisi ya upasuaji wa ubongo na mgongo kwa msaada wa shirika la NED kutoka Hispania. Na Dar es Salaam iko Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Basi wako watu waliovunjika mgongo ambao hupasuliwa, hutibiwa, na kurudishwa nyumbani kwao wakiwa hai. Ni jambo la furaha. Lakini hospitali humtunza mgonjwa kwa majuma au miezi, na nyumba humtunza kwa miaka. Kwa hiyo elimu hii haifai kubaki kwa madaktari peke yao. Yatupasa iingie jikoni na chumbani, kwa mama, kwa mke, kwa kaka, na kwa mtoto amsukumaye babake katika kiti cha magurudumu.

Labda mtu atauliza: Mfupa hukondaje? Mfupa si kitu kigumu kama jiwe, kisichobadilika? Sivyo. Mfupa ni kitu hai. Tazameni nyumba zetu za mawe katika Mji Mkongwe. Ukuta ule wa mawe ya matumbawe na chokaa husimama miaka mingi, lakini kwa sharti moja: kwamba fundi hupita kila mara, akabandua lipu iliyooza na kukandika mpya. Nyumba ikiachwa bila fundi, mvua huingia, boriti huoza, ukuta hupasuka. Mfupa nao una mafundi wa namna mbili. Wako wabomoao mfupa uliochakaa, nao wako wajengao mahali pake. Katika mtu mzima mwenye afya, kadiri ya sehemu 1 katika 10 ya mifupa yake yote hufanywa upya kila mwaka, na kazi za mafundi hao wawili hulingana.

Ni nani awapaye amri mafundi hawa? Ni uzito na mvuto. Tabibu Julius Wolff wa Berlin aliandika mwaka 1892 ya kuwa mfupa hujijenga kwa kadiri ya mzigo uuchukuao. Mtu akisimama, akitembea, akipanda ngazi, mfupa hupindwa kidogo sana, na chembe zilizo ndani yake huhisi jambo hilo, zikawaambia wajenzi: Jengeni. Mzigo ukiondoka, chembe zile zile hutoa dutu iwazuiayo wajenzi, na wabomoaji wakaendelea peke yao. Hata wale warukao katika anga za juu, ambako mwili hausikii uzito, hupoteza asilimia 1 au 1 na nusu ya mfupa wa nyonga kila mwezi, ijapokuwa ni watu wenye afya na nguvu.

Kwa mtu aliyeumia ugwe wa mgongo hasara ni kubwa zaidi, kwa maana misuli haivuti mfupa tena, wala mishipa ya fahamu haiuongozi kama kwanza. Mfupa huanza kupungua katika majuma ya mwanzo baada ya ajali. Katika miezi ya kwanza, ile sehemu laini ya ndani, iliyo kama sifongo penye maungio, yaweza kupungua asilimia 2 hata 4 kila mwezi. Hasara huendelea kwa kasi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hupungua mwendo. Mwisho wake, mfupa wa paja karibu na goti na mfupa wa muundi chini ya goti huweza kupoteza karibu nusu ya mali yao. Lakini mifupa ya mikono ya mtu aliyepooza miguu tu haipatwi hivyo, kwa kuwa mikono yake yafanya kazi, tena hufanya zaidi kuliko zamani. Basi fahamuni: mtu aweza kuwa na mikono ya mpiga makasia, na magoti yaliyo mepesi kama ganda la yai.

Chokaa ile ya mfupa, iitwayo kalsiamu, huenda wapi? Huingia katika damu, kisha figo huitoa katika mkojo. Ndiyo sababu wagonjwa hawa hupata mawe ya figo na ya kibofu. Na kwa vijana, miezi ya kwanza, kalsiamu huweza kuzidi katika damu hata mtu akaona kichefuchefu, kiu nyingi, choo kigumu, uchovu na kuchanganyikiwa. Watu wakaona ni huzuni ya ulemavu, kumbe ni jambo la kupimwa damu na kutibiwa.

Sasa tuseme mfupa huvunjika katika mambo gani. Si lazima pawe na anguko kubwa. Mara nyingi ni katika kumhamisha mgonjwa kutoka kitandani kwenda kitini: mguu mmoja umenaswa, mwili ukageuka, mguu usigeuke. Au ni katika kumgeuza kitandani, mguu wa juu ukaachwa nyuma. Au katika kumvalisha, mtu akavuta kisigino kwa nguvu. Au ni unyayo uliochomoka katika kikanyagio cha kiti, ukaburutwa chini, ukagonga kizingiti. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, vina mawe yasiyo sawa, na nyumba zake zina ngazi za kusimama wima. Gurudumu dogo la mbele likikwama ghafula, mtu hutupwa mbele na kuangukia magoti. Shambani nako njia ni za mawe ya matumbawe. Na mahali pengine mfupa huvunjika kwa mkono wa upendo: ndugu amwona mgonjwa amekakamaa, aushika mguu na kuukunja kwa nguvu ili auzoeze. Goti halikubali, naye huongeza nguvu; kisha husikia mlio mdogo kama wa kijiti kikavu.

Kwa hiyo tusingoje maumivu yatuambie. Sharti macho na mikono ifanye kazi ambayo mishipa ya fahamu imeacha. Kila siku, wakati wa kuoga au kuvaa, miguu yote miwili itazamwe na kulinganishwa. Je, mmoja umevimba kuliko wa pili? Je, una joto ukiushika kwa mgongo wa mkono? Je, una wekundu au weusi usiokuwapo jana? Je, umepinda mahali usipopaswa kupinda, au umekuwa mfupi, au kidole cha mguu kimeelekea upande mwingine? Je, misuli yashtuka na kukakamaa kuliko desturi? Je, ana homa ndogo isiyo na sababu? Lolote katika hayo likionekana, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, apigwe picha ya eksirei, hata akisema, "Sisikii kitu." Asiposikia kitu, hilo si ushahidi wa kuwa mguu ni mzima.

Twasema apelekwe hospitali kwa sababu nyingine tena. Mguu uliovimba wa mtu aliyepooza waweza kuwa na damu iliyoganda katika mshipa, au usaha, au mfupa mpya unaoota mahali pasipo pake, ndani ya misuli karibu na nyonga. Mambo haya hufanana sana kwa kutazama, hata tabibu hawezi kuyatenga bila vipimo. Na damu iliyoganda ikichuliwa, yaweza kuchomoka na kupanda hata mapafuni, na mtu akafa ghafula. Kwa hiyo mguu uliovimba usichuliwe, usikandwe kwa maji ya moto, usivutwe, wala usifungwe vijiti kwa nguvu. Ngozi isiyo na hisi huungua pasipo mtu kujua, na kamba iliyokazwa huikata damu pasipo mtu kulia. Wako waunga mifupa wenye sifa nzuri katika vijiji vyetu. Lakini kazi yao huongozwa na kilio cha mgonjwa, na mgonjwa huyu halii. Wakati wa safari uwekeeni mguu mito pande zote mbili, uutulize kama ulivyokutwa, mkampeleke.

Yuko mgonjwa mmoja apaswaye kuangaliwa zaidi: yule aliyeumia shingoni au sehemu ya juu ya kifua. Mguu wake ukivunjika, mwili waweza kupiga kelele kwa njia nyingine. Kichwa humgonga sana, uso humwiva na kutoka jasho, na shinikizo la damu hupanda kwa hatari. Mkalisheni wima mara moja, mlegezeeni nguo na mikanda, tazameni kama mpira wa mkojo umekunjika au umeziba, kisha mkimbilieni tabibu. Hiyo ni hatari ya saa, wala si ya siku.

Hata baada ya kufika hospitali, mlezi ana neno la kusema. Amwambie tabibu wazi: "Mguu huu hauna hisi." Maana plasta ngumu iliyofungwa juu ya ngozi isiyo na hisi yaweza kutoboa kidonda mpaka mfupani, na hakuna wa kulalamika. Plasta hiyo hutaka pamba nyingi ndani, na kutazamwa mara kwa mara. Pengine tabibu huchagua kifaa kilaini kifunguliwacho kila siku, au upasuaji.

Sasa natuje kwa yale yawezayo kuzuia. La kwanza ni jinsi ya kushika. Mguu uliopooza ubebwe kwa mikono miwili, mmoja chini ya paja, wa pili chini ya ndama ya mguu, nao uende pamoja na mwili. Usiburutwe kwa kushika unyayo. Mazoezi ya kunyoosha viungo ni mema, tena ni lazima, ili viungo visikauke; lakini yafanywe polepole, kama mtu afunguaye mlango mkongwe asioujua: ukikataa, angoje, asiuvunje. Afadhali mlezi afundishwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla mgonjwa hajatoka hospitali. Kabla ya kuhama kitandani, breki za kiti zifungwe, vikanyagio viondolewe, na miguu yote miwili itazamwe iko wapi. Mkanda mlaini wa kuzuia miguu isichomoke kitini ni kitu cha bei ndogo, nao waokoa mifupa mingi.

La pili ni chakula. Mtu mzima huhitaji kadiri ya gramu 1 ya kalsiamu kwa siku. Wengine, kwa kuogopa mawe ya figo, humkataza mgonjwa maziwa na samaki. Si sawa kufanya hivyo bila amri ya tabibu. Mfupa uliokwisha kunyang'anywa usinyimwe na chakula tena. Kisiwani petu hatukosi: wako dagaa waliwao pamoja na mifupa yao, yako maziwa na mtindi, yako mboga za majani, na ufuta. Samaki, mayai na kunde humpa nyama ya mwili, nayo husaidia mfupa na ngozi pia. Lakini vidonge vya kalsiamu visinunuliwe dukani bila kuulizwa tabibu, hasa katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa wakati huo damu yaweza kuwa na kalsiamu kupita kiasi. Na maji anywe kwa kadiri aliyoamriwa na hao wamtunzao kibofu chake. Tena aache tumbaku na vileo, kwa maana vyote viwili hudhuru mfupa.

La tatu ni jua. Kalsiamu haiingii vizuri mwilini bila vitamini D, na ngozi yetu huitengeneza ikipata mwanga wa jua. Labda mtu atacheka: Je, Unguja kuna kukosa jua? Jua liko nje, lakini mgonjwa yuko ndani. Amewekwa ghorofa ya pili, katika nyumba ya kuta nene na madirisha madogo. Au yuko katika majumba ya Michenzani, na ngazi zamzuia kushuka. Au aibu ya jamaa zake imemfungia chumba cha nyuma. Ngozi nyeusi nayo hutaka muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Basi atolewe nje. Akae barazani asubuhi au alasiri, watu wampitie na kumwamkia, naye aitikie. Ni dawa ya mfupa, na ni dawa ya moyo. Tabibu akiona haitoshi, atampa vitamini D ya kumeza.

La nne ni dawa na vyombo. Ziko dawa za kuwazuia wabomoaji wa mfupa. Moja, iitwayo zoledroniki, hutiwa katika mshipa, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Imeonekana kuwa ikitolewa mapema baada ya ajali hupunguza hasara ya mfupa wa nyonga. Kwa mfupa wa goti msaada wake ni mdogo zaidi. Wala haifai kwa kila mtu: figo hupimwa kwanza, na mwanamke atakaye kuzaa hushauriwa. Viko vyombo vitiavyo umeme mdogo katika misuli ili miguu iendeshe baiskeli. Vyaweza kurudisha mfupa kidogo karibu na goti, lakini mazoezi yakikoma, faida nayo hupotea. Kusimamishwa katika kifaa maalumu humpendeza mtu na kumsaidia kwa mambo mengine, lakini ushahidi ya kuwa hurudisha mfupa uliokwisha kupotea ni dhaifu. Na hapa twaonya: mtu aliyekaa miaka mingi bila kusimama asiinuliwe ghafula na ndugu zake wenye nguvu, wakisema, "Simama, ukakamae!" Mifupa yake ipimwe kwanza. Kipimo cha uzito wa mfupa hufanywa kwa mionzi kidogo. Hakipatikani katika kila hospitali, lakini kuuliza si hasara. Na akipimwa, heri nyonga na goti zipimwe, kwa maana mgongo peke yake waweza kuonekana mzuri hali magoti yamekwisha kukonda.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko yote. Mguu wa mgonjwa ukionekana umevunjika, wala hapana aliyeona ukivunjika, watu huanza kutafuta mwenye kosa. Mke huambiwa, "Umemwangusha, nawe waficha." Mtumishi huambiwa amempiga. Jirani huambiwa ana husuda, ametuma kitu usiku. Nyumba iliyokwisha kupata msiba mmoja hupata wa pili, na mlezi aliyechoka hujitenga, au huogopa kusema siku nyingine aonapo uvimbe. Lakini sasa mwajua ya kuwa mfupa uliokonda waweza kuvunjika katika mikono mipole kabisa. Basi kabla ya kumshitaki mtu, ulizeni habari kwa upole, mkamsikilize mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa akili yake na ulimi wake havikupooza. Ni kweli wako walezi wakatili, nao sharti wazuiwe. Lakini mvunjiko pekee hauwatoshi kuwa ushahidi. Mlezi asemaye upesi, "Nimeona mguu umevimba," apewe shukrani, asipewe hukumu. Nyumba ambayo mtu huogopa kusema, mguu hukaa umevunjika majuma matatu.

Nanyi waalimu, twawaomba mambo mawili. La kwanza, wafundisheni watoto na vijana ya kuwa mtu aliyeanguka mtini au njiani, akisema hasikii miguu, asiketishwe, asibebwe mgongoni, wala asikunjwe ndani ya gari. Alazwe hali amenyooka, kichwa na shingo vishikwe visigeuke, watu kadha wamwinue kwa pamoja juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Ugwe ulioumia nusu waweza kukatwa kabisa na haraka ya marafiki. La pili, mtoto au kijana aliyepooza akija shuleni, msiwaache wenzake wamwinue kwa kumvuta miguu, hata ikiwa ni kwa mchezo na furaha. Waonyesheni namna ya kumshika, nao watajifunza upesi kuliko wakubwa.

Kwa kumaliza, wasomaji wetu, kama katika nyumba yenu au jirani yenu yuko mtu aliyeumia mgongo, msomeeni habari hii naye akiwapo, wala si nyuma yake. Mifupa ni yake; ajue hali yake, awaagize walezi wake wamshikeje. Kisha leo jioni, wakati wa kumwandaa kulala, itazameni miguu yake yote miwili penye mwanga, toka nyonga hata vidole. Kesho fanyeni vivyo hivyo, na kesho kutwa. Kazi hii haizidi dakika tano, nayo hutimiza wajibu wa maumivu ambayo yeye hawezi tena kuyasikia.